Daktari Aliyeketi kwa Batoma

Daktari Tenin Sogoba alifika kwangu kwanza. Naomba hilo lijulikane kabla sijasema neno jingine, kwa sababu mtaani wanalisimulia kinyume. Wanasema alishuka kwenye pikipiki akaenda moja kwa moja kwa Batoma Traoré, kama nzi aliyeona embe. Uongo. Alisimama kwenye lango langu mimi, Sanaba Diarra, akasalimia vizuri, akauliza habari za nyumba, za watoto na za kazi, kisha akatoa daftari. Daftari ndilo lililomponza. Wiki ile watu wa kodi walikuwa wakizunguka na madaftari yao, nami nikamwambia mwenye uwanja amekwenda Sikasso kuzika, atarudi akirudi. Nilimwambia hivyo mikono yangu ikiwa ya buluu mpaka viwikoni. Akaitazama ile mikono, akasema asante mama, Mungu amrehemu marehemu, akatoka, akatembea hatua kumi na tano, akaingia kwa Batoma.

Hatua kumi na tano. Nimezipima.

Mimi na Batoma tumegawana ukuta mmoja wa matofali ya udongo, unaokufika kifuani ukisimama. Upande wangu mapipa, upande wake mapipa, na nyuma yetu sote kijito kinachobeba maji yetu mpaka mtoni. Tunatia rangi bazini, kile kitambaa kizito kinachong'aa ambacho bila yake Bamako hakuna arusi wala Idi. Batoma nilimpokea mimi. Alikuja na miaka kumi na saba, hajui kufunga fundo la uzi la kutolea maua kwenye kitambaa, hajui kupima magadi makali, anajiunguza vidole kila siku. Nilimfundisha miaka sita. Akaolewa, akapata uwanja wake, na katika viwanja vyote vya mji huu akapata ule wa jirani. Haya, ni Mungu.

Halafu yeye ni Traoré na mimi ni Diarra, na koo hizi ni watani tangu mababu. Mtani hakasirikiwi. Traoré anaweza kuniita mtumwa wake kwenye mazishi ya mama yangu, nami naweza kumpokonya nyama mdomoni kwenye arusi ya mwanawe, na atakayenuna ndiye atakayechekwa. Mimi kwake ni mla kunde, yeye kwangu ni mwizi, na hivyo ndivyo tulivyosalimiana kila asubuhi kwa miaka ishirini. Watu wakitusikia walikuwa wakisema, tazama wanavyopendana. Ilikuwa kweli. Ila mwaka ule nilikuwa na kitu kingine moyoni, na kwa kuwa kila nilichosema kilichekwa, hakuna aliyekiona.

Ndio mwaka ambao ofisi ya kata ilituletea barua. Chini ya kijito kuna wanawake wanaolima saladi na bamia, na kwa miaka mingi saladi zao zimekunywa rangi zetu, leo zambarau, kesho kijani. Walilalamika, na haki yao. Barua ilisema wiki tatu baada ya Idi ya kuchinja wakaguzi watapita kila uwanja na chupa, wachote maji tunayomwaga. Chupa ikiwa na rangi, uwanja unafungwa kwa mnyororo. Kwangu walikuwa wanakula wanawake kumi na mmoja, wajane wanne kati yao, na mimi mwenyewe sijui kazi nyingine. Hata maandazi yangu yanaungua.

Aliyeniletea habari ni Wassa, mdomo wa uwanja wangu. Kila uwanja una mmoja.

"Mama Sanaba, yule daktari wa maji leo siku ya nne yuko kwa Batoma. Kaleta mapipa matatu na jiko. Wanapika chai."

"Chai gani?"

"Chai tu, hii yetu ya kijani. Lakini hawanywi. Wanaichanganya na chuma, wanatia kwenye maji ya rangi, na rangi inakufa."

"Daktari wa maji gani?"

Wassa akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Yule wa chuo kikuu, mama. Uliyemwambia umekwenda kuzika."

Nilijifunga kanga upya nikaenda. Singeweza kukaa.

"Karibu, mla kunde," Batoma akaniambia kabla sijavuka lango. "Kunde zimekwisha, ila sufuria haijaoshwa. Unaweza kulamba."

"Nimekuja kukagua mali zangu," nikamjibu. "Traoré akinyamaza siku nne, ujue kuna kitu kimepotea mtaani."

Wanawake wakacheka. Daktari naye akainua uso. Alikuwa binti mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, glavu mpaka kwapani. Akanitambua pale pale, nikaona anavyonitambua.

"Mama, umerudi salama kutoka Sikasso?"

Walicheka mpaka wapiga-nguo wa barabara ya pili, wanaogonga bazini kwa marungu ing'ae, wakaacha kupiga. Nami nikacheka, ningefanya nini. Nikaonyeshwa kigoda, nikakaa, nikaangalia.

Sufuria ilikuwa tayari motoni, majani ya chai yakirukaruka ndani, maji meusi kama ya mto wa masika. Daktari aliepua, akachuja, akaacha yapoe. Kwenye ndoo nyingine alikuwa ameyeyusha chumvi ya chuma, ile ya kijani hafifu ambayo wauza rangi wanayo sokoni. Akaanza kumimina chai ndani ya ile chumvi polepole, Batoma akikoroga kwa mti, na kila tone lilipoingia maji yaligeuka, mpaka ndoo nzima ikawa nyeusi kama wino.

"Chuma kimezaliwa upya," daktari akasema. "Sasa ni chembe ndogo mno. Ukizipanga elfu moja kwa mstari, hazifiki unene wa unywele wako, mama. Chuma kikubwa kinashika rangi kwa ngozi yake ya nje tu. Ukikigawa namna hii, ngozi inakuwa nyingi kuliko mwili. Zinaikamata rangi, zinaivunja, zinazama nayo."

"Ngozi nyingi kuliko mwili," Batoma akarudia, kama maneno aliyozaliwa nayo.

Wakachota maji ya zambarau kutoka pipa la suuzo, wakatia vikombe viwili vya ule wino, wakakoroga, wakaacha. Pembeni kulikuwa na birika la chai ya kunywa kwenye jiko dogo la mkaa. Tukanywa glasi ya kwanza. Tukaongea habari za mke mdogo wa muuza kuni, ambazo si za hapa. Tulipofika glasi ya pili Batoma akaniita nisogee. Chini ya ndoo kulikuwa na tope jeusi. Juu yake maji yalikuwa meupe. Niliona kucha za Batoma ndani yake, zote tano, na pete.

Tope, daktari akasema, halimwagwi. Linakaushwa, linawekwa kwenye magunia, yeye anakuja kulichukua.

Nitasema nilichohisi. Bibi yangu kule kijijini alikuwa akipaka nguo tope la mtoni lenye chuma juu ya maji ya majani ya msituni, na nguo ikawa nyeusi isiyofutika. Majani na chuma. Niliangalia ile ndoo nikaona kitu cha bibi yangu kimevaa miwani, kimeketi kwa Batoma. Kwa Batoma, ambaye bibi yake alikuwa anauza chumvi. Roho ilinichoma hadi nikaomba maji ya kunywa.

"Vipi, mla kunde," Batoma akasema, "mbona umekauka?"

"Nashangaa mwizi kapata kazi halali," nikasema, na wote wakacheka, na hakuna aliyejua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Walikuja watia rangi wa ng'ambo ya mto kuangalia. Ukaja mkutano wa akina mama, wakakaa chini ya turubai la Batoma. Wakaja watu wa televisheni wakampiga picha akikoroga, akiwa amevaa bazini ya manjano ambayo, Mungu shahidi, mafundo yake niliyafunga mimi. Kila simu mtaani ikawa na uso wa Batoma akisema ngozi nyingi kuliko mwili. Mpaka mume wangu, ambaye hajawahi kuuliza maji yangu yanakwenda wapi, aliniletea simu kitandani. "Umemwona jirani yako?" Nikamwambia namwona tangu hajaolewa.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni bakuli. Nyumba yangu haijapata kula peke yake. Saa saba mchana, wali na mchuzi wa karanga ukishuka, zamani kulikuwa na mikono tisa, kumi, inagombana, muuza maji anaingiza wake, mpita njia anaitwa. Mwezi ule nilihesabu mikono mitatu. Wa kwangu, wa Wassa, na wa bibi mmoja mwenye kusikia kwa taabu, ambaye nadhani hakuwa amepata habari. Wengine walikuwa ng'ambo ya ukuta. Nilikuwa nasikia vicheko vyao nikila. Wali unaoula ukisikiliza vicheko vya jirani hauna ladha.

Daktari alituma mtu kuniambia naweza kuja kujifunza pamoja na wengine, Jumanne na Ijumaa. Pamoja na wengine. Nikakae kwenye mkeka wa Batoma, Batoma anifundishe kukoroga ndoo. Nikasema nina wageni Jumanne. Na Ijumaa pia.

Nikaamua kuifanya mwenyewe. Nilikwisha kuona, na nimekoroga mapipa miaka thelathini na mbili. Chumvi ya chuma niliipata kwa muuza rangi wangu. Ikabaki chai, na chai mtaani kwetu ni kitu cha kuokota. Wanaume wameketi kila kona na birika zao tangu wanapoamka mpaka wanapolala. Majani yale yale wanayachemsha mara tatu, glasi ya kwanza inakata ulimi, ya tatu ni sukari tupu, halafu wanayamwaga mtaroni. Nikaenda kwa mzee Zoumana, dereva mstaafu, ambaye kijiwe chake cha chai kiko mbele ya lango langu.

"Msiyamwage tena," nikamwambia. "Niwekeeni kwenye gunia hili."

"Unafuga mbuzi, Sanaba?"

"Nafuga akili."

"Basi utahitaji gunia kubwa zaidi," akasema, na kijiwe kizima kikamuunga mkono.

Katika siku sita nilikuwa na magunia mawili. Nikajiona mjanja kuliko daktari mwenyewe: yeye anatumia chai, mimi natumia takataka. Nilikuwa nimekwisha kutunga nitakavyowaambia watu wa televisheni. Nikachemsha, nikachuja, nikapooza, nikamimina kwenye chumvi ya chuma huku Wassa akikoroga.

Haikuwa nyeusi. Ilikuwa kahawia, kahawia ya maji ya kuoshea miguu. Nikasema labda itakolea. Tukaitia kwenye pipa la zambarau, tukakoroga, tukakaa. Tukanywa glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikachota kwa bakuli nikalipeleka juani. Zambarau ilikuwepo yote, ila sasa ilikuwa zambarau iliyougua.

Nikarudia kesho yake kwa majani mara mbili. Nikarudia keshokutwa kwa chumvi mara mbili, na hapo maji yakawa na rangi mbili badala ya moja. Wassa, ambaye hajui kunyamaza, akaanza kuosha ndoo zilizokuwa safi. Usiku sikulala, nilikuwa nikimhesabia Batoma makosa. Nilikuwa na hakika kuna kitu wanakificha. Kitu wanachotia wakati nimetazama pembeni, wakati ule nilipokuwa nahadithiwa mke mdogo wa muuza kuni. Kumbe ndiyo maana walinihadithia.

Zilipobaki siku tano, jirani yetu mmoja alikuwa na sherehe ya kumpa mtoto jina. Wanawake arobaini uani, viti vya plastiki, muziki, uji wa mtama wenye tangawizi. Batoma aliingia na daktari wake nyuma, kama mtu anayetembea na ng'ombe wa mahari. Nilikuwa nimejiahidi kukaa kimya. Nikaweza mpaka alipoketi.

"Tazameni," nikasema kwa sauti ya kusikika, "Traoré kaiba kuku, kaiba mbuzi, sasa kaiba daktari. Alikuja kwangu huyu. Lango langu ndilo alilogonga."

Kicheko. Mtu akapiga vigelegele. Batoma alisimama, akajishika kiuno.

"Mla kunde huyu," akasema, "nasikia anapika majani ya Zoumana. Jamani, majani yaliyokwisha kunywewa na wazee wenye mapengo. Hayo majani yamekufa, Sanaba. Nenda dukani kanunue chai mpya kama binadamu, upike."

Uani palilipuka. Bibi mmoja alimwaga uji. Zoumana aliyekuwa nje aliulizwa kama ni kweli ana mapengo. Nilicheka na wao nikiwa nimeshika kiti kwa mikono yote miwili. Nilichosikia mimi ni kwamba Sanaba Diarra hana hata uwezo wa kununua chai, kwamba anaokota mtaroni, na kwamba limesemwa mbele ya daktari na wanawake arobaini. Nilikwenda nyumbani kabla mtoto hajapewa jina. Mpaka leo nasahau anaitwa nani.

Siku iliyofuata bibi yule mwenye kusikia kwa taabu aliniuliza, akipiga kelele kama kawaida yake, kama mnyororo wa ofisi ya kata unafungwa langoni au kwenye mapipa. Alitaka kujua kama ataweza kuingia kuchukua kigoda chake. Alikuwa na kigoda chake pale tangu mumewe alipokufa, miaka kumi na tisa. Nikamwacha nikapita lango, nikatembea zile hatua kumi na tano.

Batoma alikuwa anapanga vitambaa na wanawake wake. Daktari hakuwepo.

"Amekuja," Batoma akasema. "Leteni kunde."

"Batoma, sikuja kwa utani."

"Haya, hakuja kwa utani. Leteni na chumvi."

"Nakuonea wivu," nikasema.

Ikawa ndicho kichekesho kikubwa kuliko vyote nilivyopata kusema. Mmoja akaketi chini. Diarra, mbele ya Traoré, anakiri. Batoma alikuwa anafuta machozi kwa pembe ya bazini. Nikangoja. Walipotulia kidogo nikarudia.

"Nakuonea wivu tangu daktari alipoketi kwako. Nimekuonea wivu wa televisheni, wa turubai, wa bakuli. Naamka nao. Nimepika dawa ile mara tatu na imekataa, siku zilizobaki ni nne, na nina wanawake kumi na mmoja. Mlichotia kwenye ndoo kwa siri, niambie."

Bado mmoja alikuwa anacheka. Batoma alimkatiza kwa jicho. Alinitazama machoni muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kuona rangi imeshika au imepaka tu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Nimekwisha kusema."

Akavua kitambaa begani, akakiweka juu ya meza. "Twende."

Alipoingia kwangu hakusalimia mtu. Akaenda kwenye magunia, akachukua majani kiganjani, akayanusa, akatafuna moja, akalitema.

"Majani haya yamepigwa moto mara tatu, dada. Kinachozaa zile chembe ni ule ukali wa chai. Ukali wote uko matumboni mwa akina Zoumana. Nilikwambia."

"Ulinitania."

"Sikukutania. Nilikwambia ununue chai mpya. Nilisema mbele ya watu arobaini."

"Ndiyo maana nikajua unanitania."

Akalikunja gunia mdomo wake. Nadhani alitaka kucheka na akaona si mahali pake. Mimi nilitaka kulia na nikaona vivyo hivyo. Hivyo tulisimama juu ya gunia la makapi, watu wazima wawili, kila mmoja akiwa amesema kweli kwa mwenzake na hakuna aliyeaminiwa.

Wassa alitumwa dukani akarudi na pakiti za chai za kutosha arusi mbili. Batoma akakaa kwangu siku tatu. Alichemsha mbele yetu, akapima, akamimina, na ndoo ikawa nyeusi, ile nyeusi ya wino. Wanawake wangu walimzunguka. Walimwita mwalimu. "Mwalimu, nikoroge huku au huku?" Mtu niliyemshika mkono kumwonyesha fundo la kwanza anaitwa mwalimu uani kwangu, na mimi nabeba kuni. Nilibeba. Usidhani wivu uliondoka kwa sababu nimeutaja. Ulikuwa umeketi pale pale kwenye kuni, unapepea.

Zambarau ikafa, kijani ikafa. Lakini siku ya mwisho alasiri, Batoma akiwa amekwenda kuswali, pipa la buluu lilikataa. Lilififia kidogo likagoma. Ilikuwa buluu iliyobaki ya oda za Idi, tuliyoitia magadi mengi kwa mkono wa haraka. Nikaingiza kidole, nikasugua na gumba. Maji yaliteleza kama sabuni. Hapo sikuhitaji daktari. Magadi yakiwa hai namna ile yanaua kila unachoyatilia, hata ngozi yako. Nikachukua ukwaju tuliokuwa tumeuloweka wa kunawia mikono, maana hakuna kinachotoa magadi vidoleni kama ukwaju, nikachuja ndoo nzima, nikamimina, nikakoroga, nikapima kwa kidole tena mpaka mtelezo ukaisha. Nikatia chuma upya. Nikaketi. Sikunywa chai, nilikuwa nimeichoka.

Batoma aliporudi pipa lilikuwa jeupe. Akasema, "Unaona? Linataka subira tu." Nikasema ndiyo.

Wakaguzi walikuja Alhamisi, wanaume wawili na daktari, na nusu ya mtaa nyuma yao. Walianza kwa Batoma. Alikuwa ameyaacha mapipa yake kwa wanawake wake siku zote tatu, na oda zake za buluu zilikuwa nyingi kuliko zangu. Chupa yake waliiinua juani. Ilikuwa na kivuli cha buluu, kidogo tu, kama maji ya mwisho ya shati jeupe. Wakanong'onezana. Wakasema imepita, ila aangalie, watarudi mwezi ujao.

Yangu waliiinua, na mmoja akaniuliza kama nimechota bombani. Nikamwambia achote mwenyewe, pipa lolote. Akachota la buluu. Akaliangalia, akampa daktari, daktari akatumbukiza kijikaratasi chake cha kupimia magadi, akakisoma, akanitazama mimi.

"Mama Sanaba, magadi yamekwenda wapi?"

Nikamsogeza pembeni nikamwonyesha makokwa ya ukwaju kwenye ungo. Akaokota moja, akalizungusha mkononi.

"Kule maabara tunatumia tindikali ya kununua," akasema polepole. "Ghali, na inatoka nje. Sikufikiria ukwaju. Ni nani aliyekufundisha?"

"Mikono."

Akaketi. Kwenye kigoda changu, kando ya pipa langu. Akatoa daftari akaandika, akaniuliza ukwaju kiasi gani, umeloweka muda gani, najuaje umetosha, na akaingiza kidole chake mwenyewe bila glavu ili nimfundishe mtelezo. Wanawake wakaanza kusogea. Mmoja akaleta mkeka. Wassa alikuwa amekwisha kuwapigia simu watu wa ng'ambo ya mto.

Batoma alikuwa upande wake, mikono juu ya ukuta.

"Mla kunde," akasema, "umemroga daktari wangu."

Walicheka wote, kwa sababu mtani amesema. Mimi sikucheka. Nilisikia lile neno la mwisho lilivyotoka, limekwaruza njiani, na nililijua vizuri kwa kuwa nililala nalo miezi miwili. Ningependa kusema nilimhurumia. Nilisikia utamu ulioshuka mpaka magotini.

Akangoja watu warudi kumzunguka daktari. Kisha akainama juu ya ukuta, akasema kwa sauti ya chini, bila mla kunde, bila chochote:

"Dada Sanaba. Ulitia nini?"

Wanarudi mwezi ujao, ndivyo walivyomwambia. Na kivuli kile cha buluu kilikuwa kwenye chupa yake kwa sababu siku tatu hizo alikuwa kwangu. Hilo nilikuwa nalijua, halikuwa limenipita. Nikachukua kitambaa kwenye kamba, nikaanza kujifuta mikono, kidole kimoja kimoja, taratibu, naye amesimama ananitazama.

Nilipomaliza cha kumi ndipo nikamwambia.